Kitanda cha Dirishani

Akilimali alikuwa mtu wa kuuliza, na hilo hakulificha. Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, watu walimwita Komiseri, maana ukimpelekea suruali aifupishe, kabla hajashika mkasi atataka kujua ilinunuliwa wapi, nani aliivaa kwanza, na mbona goti la kushoto limechakaa kuliko la kulia. Mwenye haraka alikasirika. Mwenye nafasi alikaa kwenye benchi, akacheka, na mwisho akaondoka na suruali fupi huku siri zake zote amezimwaga pale pale chini ya cherehani.

Alitokea Baraka, kule Fizi, Kongo. Vita vya kwanza vilipowafikia alivuka ziwa na mke wake Elodie na binti yao Shukrani, wakapita Tanzania, wakaangukia Malawi. Kichwa cha cherehani alikibeba njia nzima akiwa amekifunga kwenye kitenge, na Elodie hadi leo anamwambia kwamba sufuria ingewafaa zaidi. Basi mtu wa namna hiyo, mwenye swali kwa kila kitu, lilimjia swali moja likamkalia rohoni miaka mitatu. Kwa nini yeye yuko hai?

Usicheke. Sikiliza kwanza.

Mwaka wa tisini na tisa, wakati kule nyumbani vita vya pili vimepamba moto, Akilimali alianza kuwashwa. Mwili mzima, bila hata kipele. Elodie alisema ni kunguni, akachemsha mashuka yote. Muwasho haukwenda popote. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na yeye, Komiseri wa watu, mkojo wake mwenyewe hakuuliza! Aliyeuliza ni Sista Chikondi, muuguzi wa zahanati ya kambi. Alikuja kupimwa gauni la kazi, wakasimama mlangoni penye mwanga, na Akilimali alipoinua meta aizungushe shingoni, Sista akamshika mkono.

"Baba, hebu fungua macho. Tangu lini yamekuwa ya njano hivi?"

"Labda wiki mbili, tatu. Gauni unataka na mifuko?"

"Achana na gauni."

Siku chache baadaye alikuwa amelala hospitali kubwa ya Lilongwe. Daktari wa upasuaji aliitwa Kamwendo, mtu mwembamba wa maneno machache. Alimweleza kwamba nyongo hutoka kwenye ini na kushuka tumboni kwa mfereji mwembamba, na kwamba ndani ya mfereji wake kumeota kansa, ndiyo maana nyongo imerudi kwenye damu na kumfanya njano. Kansa hiyo inaweza kukatwa. Isipokatwa, hafiki Krismasi. Akilimali akauliza mfereji wenyewe una upana gani. Daktari alimwonyesha kalamu yake ya risasi, akasema hata hiyo ni nene.

Wodini humo alimkuta Mrundi mmoja, Ntahomvukiye, mfyatua matofali, mkaaji wa Dzaleka vilevile ila upande wa pili. Kambini hawakuwahi hata kusalimiana. Sasa walikuwa wamelala kitanda kwa kitanda, wote njano, wote wakijikuna, na ugonjwa wao jina lake moja. Walicheka wenyewe kwa wenyewe mpaka wauguzi wakawakaripia. Komiseri, bila shaka, alimhoji mwenzake tangu kuzaliwa.

"Na we ulianza lini hii njano?"

"Zamani. Mvua za kwanza zilikuwa hazijanyesha vizuri. Sasa angalia, batu bamevuna mahindi na kuyamaliza."

"Yote hiyo! Ulikuwa wapi?"

Ntahomvukiye alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Mama batoto pale nyumbani alisema ni karuho."

Karuho watu wa Uvira na wa Bujumbura wanaijua: ile sumu ya polepole ambayo mtu mwenye kijicho anakutilia kwenye pombe, unakonda taratibu mpaka unaisha. Ukipewa karuho huendi hospitali, unakwenda kwa mtu anayejua kuitapisha. Nibigira, mke wa Ntahomvukiye, alimpeleka. Mwezi baada ya mwezi mume alikunywa dawa za mizizi, akatapika, akakonda, na kila alipotapika waliambiwa imebaki kidogo tu.

Kitanda cha Ntahomvukiye kilikuwa dirishani, na huo ulikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Lilongwe inayoingia mpaka kwenye mifupa. Kioo kilikuwa na ufa. Mrundi wa watu akatetemeka. Akilimali yeye alikuwa anakitamani kitanda kile tangu aingie, maana kutoka dirishani ungewaona wote wanaoingia langoni na walichobeba. Akakiomba, wakabadilishana. Walihamishana mablanketi kama watoto wanaocheza nyumba, wakacheka hadi matumbo yakawauma. Wiki hiyo hiyo wote wawili wakapasuliwa.

Nje, kwenye kibanda cha walezi wa wagonjwa, Elodie na Nibigira walipikia sufuria moja. Elodie hakuwa anajua Kirundi, ila alijua wakati wa kumwondolea mwenzake mwiko na kumwambia akalale. Waliporudi kambini Akilimali akawa anamwita Nibigira shemeji, na watu wakaona ni undugu wa kweli.

Haukudumu. Ntahomvukiye alitembea vizuri miezi kadhaa, akaanza hata kukanda udongo. Kisha macho yakarudia njano, na baridi ya mwaka uliofuata haikumkuta. Akilimali alimshonea shati la kuzikiwa, na alilia akilishona, hakuona aibu. Kwenye kilio, Niyongabo, binamu wa marehemu, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Wagonjwa wawili, ugonjwa mmoja, kisu kimoja. Anakufa mmoja. Na ule mzima ndiye aliomba kitanda cha mwenzake. Mnaona kawaida?"

Watu wakamgeukia Nibigira, wakingoja amkemee. Nibigira akageuza uso pembeni.

Basi kambini ikasemwa hivyo. Komiseri alibadilisha kitanda, akabadilisha na roho. Uhai ulikuwa umepangiwa mtu wa dirishani, yeye akauchukua mchana kweupe. Kwaya ya kanisa ikapeleka vitambaa vyake kwa fundi mwingine. Nibigira alikuwa akimwona, anapita njia nyingine. Na ubaya wenyewe ni kwamba kadiri Akilimali alivyoishi ndivyo maneno yalivyonenepa. Mwaka ukaisha, akaishi. Wa pili, akaishi. Hata Sista Chikondi alipomwona alishika kifua: "Baba, bado upo!" Alisema kwa furaha, lakini waliosikia walitazamana.

Kukasirika alikasirika, ndiyo. Lakini mtu mwenye kichwa cha maswali hawezi kuwacheka wengine wanaouliza. Alilala akitazama mabati, akajiuliza mwenyewe: na kama ni kweli? Kitanda nilikiomba mimi. Yeye alikuwa anatetemeka, ndiyo, lakini aliyeomba ni mimi.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, mwezi wa kumi, redio zilikuwa zinapiga kelele kwamba Uvira inapiganiwa tena, na kambi nzima ilikuwa roho juu. Asubuhi moja Elodie alirudi kutoka bombani na ndoo tupu. Aliiweka chini, akakaa.

"Nibigira ameniambia mbele ya banamuke bote. Anasema, mume wako anakula siku za mume wangu."

"Na we ulijibu nini?"

"Ningejibu nini? Mi najua nini? We ndo unajuaka kuuliza. Uliza basi!"

Hapo ndipo Akilimali alipokwenda kuomba ruhusa ya kutoka kambini. Aliposhuka Lilongwe alikwenda moja kwa moja hospitali, akaambiwa Dokta Kamwendo ameacha kazi pale, amefungua kliniki yake ndogo mtaa wa Area 47. Alikata katikati ya mji, akapita City Centre na mabenki yake na walinzi wanaokutazama viatu, akauliza, akapotea, akauliza tena, mwisho kijana wa kabaza akamhurumia na kumpakia kwenye baiskeli hadi mlangoni.

Daktari alikuwa amezeeka kidogo. Akilimali akainua shati, daktari akatazama kovu kwanza, kisha uso.

"Fundi wa nguo! Wa kitanda cha dirishani!" Akasimama. "Unaishi?"

Walizungumza Kichewa, maana cha Akilimali kilikuwa cha kutosha kumpimia mtu nguo na kumchokonoa. Ajabu ni kwamba daktari ndiye aliyeanza kuuliza. Unakula nini? Kidogo kidogo, mara nyingi? Uzito umerudi? Homa je?

"Homa ilinishika mwaka juzi, ya kutetemeka. Wote walisema malaria. Sista Chikondi akakataa, akanileta hospitali mbio."

"Mungu ashukuriwe kwa huyo mama. Mfereji wako tumeushonea kwenye utumbo. Mtu kama wewe akitetemeka kwa homa, pengine ni uchafu umepanda kwenye ini, na hiyo ukiipa dawa ya malaria ukalala, huamki." Akashusha pumzi. "Unajua nimewafanyia wangapi upasuaji ule? Wachache. Wengi wao siwaoni tena. Wewe ndiye wa kwanza kurudi kuuliza. Haya, uliza."

Akilimali akauliza. Kwa nini mimi niko hai, na Ntahomvukiye hayupo?

"Habari za mgonjwa mwingine siwezi kukupa."

"Basi tuseme kuna watu wawili. Hawana majina."

Daktari akacheka, ikawa kama imembidi. "Haya. Wawili wasio na majina."

Akachukua karatasi, akachora mti wenye matawi mawili juu na shina moja linaloshuka. Huo ndio mfereji. Wa kwanza, kansa yake ilikuwa huku chini shinani, kuna nafasi ya kukata juu yake na chini yake. Wa pili ilikaa hapa, panapogawanyika, ndani kabisa ya ini.

Akilimali aliinamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa. "Ni kama suruali iliyoungua," alisema. "Ikiungua kwenye mguu, nakata pakubwa, naunga. Ikiungua pale kwenye msamba, mishono yote inakutana hapo, kitambaa cha kukata hakipo."

"Ndiyo. Nami sikuwa na kitambaa." Daktari akasogeza kiti. "Tukishakata, ukingo wa kipande tunautazama kwa mashine inayokuza. Wa kwanza, ukingo wake ulikuwa safi, kansa haikufika kwenye mkato. Wa pili, ilifika. Maana yake nyingine ilibaki ndani. Halafu kuna tezi ndogo ndogo kandokando ya mfereji. Kansa ikishaingia humo imeanza safari. Za wa kwanza zilikuwa nzima. Za wa pili, tatu zilikuwa zimeliwa."

"Na kitanda?" Akilimali aliuliza kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake. "Walibadilishana vitanda. Wa kwanza ndiye aliomba."

Alitegemea kuchekwa. Daktari hakucheka. "Siku walipobadilishana," alisema, "kansa ya kila mmoja ilikuwa imeshakaa pale ilipokaa. Kitanda kile kilikuwa na baridi. Basi, hakina neno jingine."

Weee! Mtu aliyebeba gunia miaka mitatu halafu akaambiwa weka chini, unadhani alijisikiaje? Machozi yalimtoka, akayafuta kwa meta yake ya kupimia iliyokuwa shingoni, maana hata safarini haivui. Tayari alikuwa anajiona bombani, mbele ya wanawake wote, anawachorea mti wenye matawi mawili mchangani. Angekuwa ameaga wakati ule, angerudi Dzaleka na furaha yake nzima. Lakini Komiseri ni Komiseri.

"Jambo moja tu, Dokta. Huyu wa pili, kama angeletwa mapema?"

Daktari alianza kukunja ile karatasi.

"Wa kwanza alikuwa njano wiki chache," alisema. "Wa pili, miezi. Ini lake lilikuwa limechoka, damu haigandi, mwili hauna nguvu ya kujiponya. Na katika miezi ile kansa haikuwa imelala. Mapema ingesaidia. Kiasi gani, sijui. Pengine ningeikuta kabla haijaingia kwenye tezi. Pengine ingekuwa vilevile, maana pale ilipokaa ni pabaya. Na nimeona wenye ukingo safi na tezi nzima wakafa, sijui kwa nini. Hata wewe, fundi, kuna sehemu ya uhai wako siwezi kukueleza."

Akilimali hakusikia sawasawa hayo ya mwisho. Alikuwa amesimama kwenye neno miezi. Nani aliyesema karuho? Nani aliyemshika mgonjwa mkono, akampeleka kutapishwa toka mvua za kwanza hadi mahindi yakaisha? Jibu lililomtakasa yeye lilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa shemeji yake.

Njia nzima ya kurudi alibishana na nafsi yake. Nitasema matawi, nitasema ukingo, nitasema tezi, miezi nitaiacha. Lakini nikiiacha, Niyongabo ataichimba. Na kwa nini niiache? Mbona yeye hakuniacha? Elodie alitukanwa mbele za watu. Binti yangu anaitwa mtoto wa mla roho. Alifika kambini jua likiwa bado juu na hasira zimemjaa tele, hakupita hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Nibigira.

Alimkuta uani, anachambua maharage kwenye ungo. Nibigira hakuinuka, wala hakumfukuza.

"Banasema ulienda Lilongwe."

"Nilienda. Nilimuona Dokta Kamwendo."

"Sema basi."

Akachuchumaa, akachora mti mchangani kwa kidole. Akaeleza shina na matawi, akaeleza mkato na ukingo. Nibigira aliendelea kuchambua, mawe huku, maharage kule. Akaeleza tezi. Akafika hapo, akapangusa kidole.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na miezi?"

Akilimali akatazama mchoro wake.

"Baba Shukrani, na miezi? Alisema nini juu ya miezi?" Mikono ya Nibigira ilikuwa imetulia ndani ya ungo. "Usinifiche. Ule dokta aliniambia mi mwenyewe, mume wangu angali mzima kitandani. Aliniambia, mama, mmechelewa. Mi peke yangu, pale koridoni. Elodie alikuwa ameenda kuchota maji. Sikumuambia mutu."

"Shemeji..."

"Yeye alitaka hopitali. Unajua? Mwezi wa kwanza tu alisema, twende kwa ba muzungu. Mi nilikataa. Nilisema hapa ni karuho, nilikuwa nimeona karuho ikiua kaka yangu kule Bujumbura. Nilimushika mukono nikamupeleka. Alikuwa anatapika na kuniomba, na mi nasema kunywa, imebaki kidogo." Akaokota jiwe moja, akalitupa. "Kila asubuhi naamka, lazima iwe mutu. Kama si we, ni mimi. Basi nasema ni we. Nakuwaza na kitanda chako, napata nguvu ya kupikia batoto."

Zile hasira alizokuja nazo Akilimali alizitafuta, akaona hazipo. Alibaki na huruma tu, na uchovu wa safari.

"Alisema pengine ingekuwa vilevile," alisema. "Hata mapema. Pale ilipokuwa ni pabaya. Hiyo alisema kweli, siongezi."

"Pengine."

"Pengine."

Nibigira aliinama juu ya ungo, mabega yakaanza kumtikisika. Akilimali hakujua aende au abaki. Akaufuta ule mti kwa kiganja, wote, shina na matawi.

"Bombani baambie nilimuuliza dokta, akasema hajui," alisema. "Na kama bado inakusaidia kuamka, endelea kusema ni mimi."

"Kwaya haitakurudishia kazi."

"Najua."

Nyumbani Elodie alikuwa akimngojea mlangoni, na alipomwona tu akamvuta ndani kwa mkono wa shati. "Ehe! Ulimuona dokta? Alisema nini?"

"Alisema njia zangu ziko safi."

"Na kitanda?"

"Alisema hajui hayo."

"Hajui! Unaenda mpaka Lilongwe, unatembea mpaka miguu inavimba, dokta anakuambia hajui?" Elodie alipiga makofi kwa hasira. "Basi kesho nitaenda mi mwenyewe kwa yule mwanamuke. Mbele ya batu bote. Nitamuuliza, siku za mume wake mi nazipikia kwa sufuria gani!"

"Hutaenda."

"Juu ya nini nisiende?"

Akilimali alivua viatu, kimoja kimoja, akaviweka kando ya cherehani.

"Juu mume wake amekufa," alisema, "na wako iko hapa."

 Elodie akafunika sufuria, akaketi karibu yake.